Mbu Hapandi Ngazi

Usaili wangu ulipangwa Jumatano saa kumi alasiri. Kwelea kwelea, ndege wala mpunga, nao walipanga Jumatano saa kumi alasiri, na hakuna aliyeniuliza mimi.

Naitwa Mwanawetu, nasoma udaktari mwaka wa tatu Dar es Salaam. Chuo kimeanzisha mafunzo ya miaka minane: unasomea kutibu, halafu katikati unatoka wodini kufanya utafiti mpaka upate shahada ya uzamivu, kisha unarudi kumalizia udaktari wako. Waombaji tulikuwa mia na ushei, nafasi moja. Niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti, na wanaonijua wanajua kwangu chakula hupita.

Nilikuwa likizo kwa bibi, na mpango ulikuwa nifanyie usaili Ikwiriri, kwenye chumba cha gesti chenye feni na ukuta mweupe. Asubuhi ile mjomba Nassibu, aliyekuwa akiamia ndege wasile mpunga kwenye shamba la bibi huku bondeni, akaamka anatetemeka. Nikampima mwenyewe, kipimo kikatoa mistari miwili. Malaria. Tukampakia bodaboda kwenda zahanati. Mpunga ndio kwanza unajaza maziwa, na ndege hawamsubiri mgonjwa apone. Bibi Tatu ana miaka sabini na tatu na goti moja tu linalokubali kazi. Nikabaki.

Basi usaili ukahamia dunguni. Dungu letu ni kibanda juu ya nguzo, urefu wa watu wawili, na kamba zenye makopo zimetoka pale kwenda shamba zima. Ukivuta, makopo yanapiga kelele na ndege wanaruka. Uzuri wake mwingine ni mtandao: chini hakuna kitu, juu unashika.

"Mjomba alikuwa analala huku bila chandarua!" nilimfokea bibi tulipofika juu. Chandarua chenyewe kilikuwa chini ya dungu, kimefunika vifaranga.

"Cha nini? Mbu hapandi ngazi," bibi akasema. "Mie nalala dunguni tangu sijavunja ungo. Nassibu kaumwa huko huko kwa mkewe."

"Bibi, mbu ana mabawa."

"Ana mabawa, na uvivu anao."

Saa kumi kamili nyuso mbili zikatokea kwenye simu: Profesa Rukaya, mwenyekiti wa jopo, ambaye hatujawahi kuona meno yake tangu tuanze chuo, na Dokta Ukasha, msaidizi wake. Nikasema shikamooni. Kabla hawajaitikia, bibi akachomeka kichwa.

"Nani hao? Mbona hawanisalimu?"

"Shikamoo bibi," akasema profesa, na nikaona amenyoosha mgongo.

"Marahaba. Na huyo mwanamume?"

"Shikamoo bibi," akasema Dokta Ukasha.

"Marahaba. Huyu mke mwenzangu maswali yake hayaishi. Mkimchukua msimrudishe."

Nilitamani dungu linimeze. Profesa akakohoa, akauliza swali nililolisubiri mwezi mzima: ni jambo gani ningekubali kulitafiti kwa miaka minne? Jibu lake nilikuwa nimelikariri, dakika tatu za vimelea, jeni na usugu wa dawa, maneno mazito matupu. Nikaanza vizuri. Sentensi ya pili, kwelea wakaingia.

"Hooo! Haya, tokaaa!" Nikavuta kamba, makopo yakalia. "Samahani profesa. Kama nilivyosema, usugu wa vimelea unatokana na... hooo! Bibi, kule!"

Dokta Ukasha alikuwa ameziba mdomo kwa daftari. Mimi jibu lote likaniruka pamoja na ndege. Nikajua nimekwisha.

"Kushoto!" akapiga kelele profesa.

"Nini, profesa?"

"Nyuma yako kushoto wanashuka! Vuta ya kushoto! Hoooooo!"

Wallahi, Profesa Rukaya aliamia ndege kutoka ofisini kwake. Alisimama mpaka kiti kikaanguka. Nikavuta ya kushoto, wakaruka wote.

"Nimekulia Utete," akasema akirekebisha mtandio. "Niliamia mpaka kidato cha nne."

"Muulize kama ana nafasi Alhamisi," bibi akaninong'oneza.

Profesa akaketi. "Sasa achana na uliyokariri. Zamu hiyo ilikuwa ya nani?"

"Ya mjomba. Anaumwa malaria."

"Kwa nini?"

Hapo nikamwaga yote bila mpangilio. Kwamba bibi anasema mbu hapandi ngazi. Kwamba bonde zima linasema hivyo. Kwamba vyandarua tunagawiwa vya vitanda vya nyumbani, wakati msimu wa mpunga watu wanahamia madunguni kwa miezi. Kwamba nilimwambia bibi mbu ana mabawa, lakini ukweli sijui anapanda mpaka wapi.

"Utajuaje?"

"Mtego juu, mtego chini, madungu thelathini, msimu mzima. Nahesabu."

"Ukikuta bibi yuko sahihi?"

Nikamtazama bibi. "Nitaandika hivyo, na ataniimbia mpaka nizikwe."

"Na ukikuta amekosea?"

Simu ikazima. Chaji imekwisha. Nililia, kisha nikakumbuka ile hooo ya profesa nikacheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia tena.

"Umefeli?" bibi akauliza.

"Sijui."

"Basi vuta kamba, wanarudi."

Ijumaa baada ya sala ujumbe ukaingia: *Umechaguliwa. Swali la mwisho tunakudai jibu. Dokta Ukasha anakutumia mitego miwili kwa basi, ipokee Ikwiriri.* Nilipiga ukelele ambao jirani wa dungu la pili aliudhani wa kuona kiboko, akavuta kamba zake zote. Wa tatu akavuta. Dakika moja bonde zima lilikuwa makopo na hooo, ndege hawajui watue wapi, na mimi narukaruka bibi ananishika kanga nisianguke.

Mitego ilifika Jumatatu. Jioni nikafunga mmoja chini, mmoja juu. Asubuhi nikaufungua wa juu mbele ya bibi, nikawamwaga kwenye sahani nyeupe. Akawahesabu kwa kijiti, polepole. Ishirini na saba, na wengi wao mbu wa malaria.

Nilikuwa nimeandaa kicheko changu tangu Jumatano. Hakikutoka, maana bibi alikuwa amekaa chini.

"Zaidi nilimlaza hapa," akasema. Zaidi ni mwanawe wa kwanza, mjomba nisiyemjua, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka mitatu, msimu wa mpunga. "Nyumbani palikuwa na mbu. Nikamleta juu awe salama."

Nikamshika mkono.

"Nitaandika, lakini jina lako sitaliweka, bibi," nikasema baadaye.

"Liweke." Akafuta uso kwa kanga. "Andika Bi Tatu alisema mbu hapandi ngazi. Halafu andika nani kahesabu."

Akashuka na goti lake moja, akakung'uta vifaranga, wakatawanyika wanapiga kelele, akanirushia chandarua huku juu.

"Haya, mke mwenzangu. Funga."