Shimo Katika Ubeti wa Pili

Mhakiki wa nyimbo hakuwa mtu wa kumvika msanii kilemba cha ukoka. Wimbo mbovu aliuita mbovu, tena kwa maneno ambayo wasomaji waliyatumiana kwenye simu wakicheka. Kila Ijumaa nyimbo mpya zilimiminika mtandaoni, nyingi zikiwa za Kikorea, naye alizisikiliza, akazipa alama, kisha akampelekea mhariri makala kabla jua halijazama. Zilikuwa nyingi mno. Ndipo alipojifunza ujanja ambao hakumwambia mtu: alizicheza kwa kasi iliyozidishwa, waimbaji wakiropoka mbio mbio, huku akijiambia kwamba sikio lake limeshakomaa, halina haja ya kusubiri. Uongo mtupu, lakini kazi ilikwisha kwa wakati.

Aliyemtia katika nyimbo hizo ni mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kinanda kwa sababu alianza kuimba kabla ya kutembea. Zamani walilala kitanda kimoja wakigawana spika za masikioni, moja kwa huyu na moja kwa yule, wakibishana ni nani kati ya wasichana walioimba ana sauti na nani ana sura tu. Mama yao alipopita mlangoni aliwauliza kama wanaelewa hata neno moja. "Tunaelewa, Mama!" walisema, na walikuwa wanamdanganya mchana kweupe. Kisha Mama akaugua, akafa, na Kinanda akanyamaza. Alikwenda chuoni, akarudi, akapika, akafua. Kuimba aliacha.

Jambo moja tu hakuliacha. Mama alikuwa na namna yake ya kufunga mlango jioni. Aliweka mkono kwenye ufunguo akaita, "Wote ndani?" Mkubwa akaitikia, "Ndani." Mdogo naye, "Ndani." Halafu Mama mwenyewe akamalizia, "Na mimi ndani," akazungusha ufunguo. Baada ya msiba, Kinanda ndiye aliyeita. Waliitikia wote wawili, kisha yeye akasimama kimya, mkono kwenye ufunguo, kwa muda ambao Mama angesema lake, ndipo akafunga. Dada mtu hakukipenda kimya kile. Lakini hakusema hivyo, alisema, "Funga basi, mbu wanaingia!"

Ijumaa moja asubuhi Kinanda alimjia pale mezani, akamkuta amevaa hedifoni. Alisimama akazungumza, akazungumza tena, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu msiba. Dada aliona midomo ikicheza. Alitikisa kichwa kukubali, akatabasamu, akaendelea kuandika. Hedifoni aliishusha mwishoni tu.

"...kwa hiyo huo mmoja usikilize taratibu, Dada. Halafu ndiyo uandike."

"Usijali, mdogo wangu," alisema, akautia wimbo huo kwenye foleni pamoja na wenzake.

Ulikuwa wimbo wa kundi dogo la wasichana, si wale wa kujaza viwanja. Aliusikiliza huku akimjibu mhariri ujumbe, kwa kasi ileile ya nyimbo zote, kisha akaandika: "Wasichana hawa wanaimba kama walioacha sufuria motoni. Katikati ya ubeti wa pili pana shimo, muziki unakwenda bila mwimbaji. Nadhani mtayarishaji alitoka kunywa chai akasahau kurudi. Nne kwa kumi." Mhariri alicheka hadi akamrekodia kicheko chenyewe akamtumia.

Kesho yake jioni alimkuta Kinanda anakunja nguo, begi liko wazi kitandani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Mama mdogo. Ameshaniambia niende."

"Kwa sababu ya wimbo?" Dada alijaribu kucheka. "Jamani, Kinanda! Ile ni kazi tu."

"Walikuwa watano," Kinanda alisema. "Mmoja akafariki. Mahali pale kwenye ubeti wa pili palikuwa pake siku zote. Waliobaki hawakutaka mtu mwingine apaimbe, wakapaacha. Wanamsubiri amalize, halafu wanaendelea."

"Sikujua."

"Nilikuambia. Nilisimama pale nikakuambia yote, na habari za Mama nikakuambia. Ukatikisa kichwa." Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Nilidhani ukiusikia utaelewa kwa nini nachelewa kufunga mlango."

Kinanda alifunga begi, akambusu shavuni kama mgeni anayeaga, akatoka.

Dada alimpigia mhariri akamwomba aiondoe kwenye makala ile sehemu ya wimbo huo.

"Niiondoe? Wewe mzima kweli?" mhariri alisema. "Hiyo ndiyo inayosomwa kuliko zote! Watu wamevunjika mbavu huku."

Alikata simu. Akaketi kwenye kitanda cha mdogo wake, akairudisha kasi mahali pake, akaufungua wimbo tangu mwanzo. Haukuwa na mbio hata kidogo. Ulikwenda polepole, kwa sauti za watu waliolia kwanza wakanawa uso ndipo wakaja kuimba. Ubeti wa pili ukafika, na shimo likafika. Halikuwa la kufumba na kufumbua kama alivyolisikia jana. Lilikuwa refu. Piano ilicheza peke yake, na chini yake zilisikika pumzi za waliobaki, wamenyamaza, wanangoja. Alilia akijionea haya, maana hata siku ya mazishi alijikaza mbele za watu akasifiwa.

Giza lilikuwa linaingia. Alikwenda mlangoni, akaweka mkono kwenye ufunguo.

"Wote ndani?" aliita.

"Ndani," akajiitikia mwenyewe.

Akaingoja zamu ya mdogo wake. Akaingoja na ya Mama. Mlango ulikuwa haujafungwa na mbu walikuwa wanaingia, naye akaendelea kusimama pale, hajui angoje hadi lini.