Bajeti ya Dakika Tatu

Kiwanda cha magodoro kilipotimiza miaka ishirini, mkurugenzi alitaka kitengenezewe video ya dakika tatu, na kazi ya kuipanga akamtupia afisa manunuzi. Mama huyu alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini pale kiwandani hakuna aliyelikumbuka. Wote walimwita Mama Punguza. Mkono wake ulikuwa wa birika. Ukimpelekea bei ya uzi atasema punguza, ukimpelekea bei ya sindano atasema punguza. Watu walidai kwamba hata daktari alipomwambia ana mimba ya mapacha, aliuliza kama haiwezekani kupunguza.

Alipewa milioni nane. "Na chakula cha watu humo humo," mkurugenzi alisema, akamfungulia mlango kumwonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kikao cha kwanza kilifanyika siku ya Jumatatu. Mtayarishaji wa video alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye daftari dogo na tabia moja ya hatari: hakukataa kitu. Kila aliloambiwa alijibu "inawezekana," kisha akaliandika na kuliwekea bei.

"Mimi naona simba," alianza mkuu wa mauzo, huku amefumba macho. "Mfalme wa nyika anatoka mawindoni, amechoka, anaona godoro letu, analala."

"Inawezekana," alisema mtayarishaji, akaandika.

Afisa utumishi alitaka wafanyakazi wote waonekane, mia mbili na kumi na wawili, asiachwe hata mmoja. Mwaka uliopita mpishi alisahauliwa kwenye picha ya kalenda, na kiwanda kizima kikala chakula kisicho na chumvi mwezi mzima. Mkurugenzi naye alitaka majengo yaonekane kutoka angani, na mwishoni atokee yeye mwenyewe atoe hotuba. "Fupi tu," alisema. Ilikuwa na kurasa tisa.

Mama Punguza alipiga hesabu pembeni ya karatasi. Dakika tatu ni sekunde mia na themanini. Hata sekunde moja kwa kila mfanyakazi haikutimia, na simba alikuwa bado hajaingia.

Makadirio yalikuja Alhamisi: milioni thelathini na moja. Ukurasa wa pili ulikuwa wa simba peke yake. Simba mmoja, siku moja. Mtunza simba. Nyama. Gari la kumleta simba. Gari la kuwaondoa watu endapo simba hatataka kulala. Bima ya watakaosimama karibu na simba, na bima nyingine, ghali zaidi, ya simba mwenyewe.

Alimwita mtayarishaji kwenye chumba chake kidogo kando ya stoo, akamkalisha juu ya mizigo ya vitambaa, akachukua kalamu nyekundu.

"Simba toa. Weka paka."

"Paka wa nani, mama?"

"Wa stoo. Yeye analipwa panya."

"Inawezekana."

"Na hizi picha za angani, futa. Tuna mashine ya kupandishia magodoro kwenye rafu za juu. Inafika mita sita. Utapanda wewe na kamera yako."

"Inawezekana," alisema mtayarishaji, lakini safari hii hakuandika bei. Aliandika jina la mkewe na namba yake ya simu.

Kalamu ilishuka mpaka kwenye mstari ulioandikwa: waigizaji wawili, mume na mke wenye furaha.

"Hawa mbona bei yao inapaa hivi?"

"Furaha ndiyo ghali, mama. Mume na mke wa kawaida ni nusu ya hapo."

"Toa wote. Atalala mkurugenzi mwenyewe. Hotuba ataitoa akiwa kwenye godoro, akimaliza kila mtu aende kwake."

Walikata hivyo mpaka jua likahama dirishani. Mwisho wa yote ikabaki milioni saba na laki tisa. Kikosi cha kamera kingefanya kazi mpaka saa kumi jioni. Kila saa ya ziada ilikuwa laki tatu. Akiba yake ya dharura ilikuwa laki moja, yaani dharura ya dakika ishirini. Mama Punguza aliona hiyo ni dharura ya kutosha kwa watu wazima.

Siku ya kupiga picha, paka alikuwa wa kwanza kuharibu mpango. Alipoona taa zinawashwa alijichimbia ndani ya sponji iliyoviringishwa na akakataa kutoka, hata kwa samaki. Mkurugenzi alitoka ofisini kwake saa nne, akiwa na suti yake ya buluu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa katikati ya ukumbi wa kushonea, na nyuma yake cherehani zimepangwa safu. Mtayarishaji alimwomba ajinyooshe kidogo na afumbe macho, ili aone taa zinavyomwangukia.

"Dakika moja tu, bosi."

Dakika moja ilitosha. Mtayarishaji aliposema tayari, mkurugenzi alikuwa amelala usingizi wa pono, kurasa tisa zikiwa kifuani.

Walimngoja. Ikafika saa sita, ikafika saa saba, watu wakala, wakarudi. Mkuu wa mauzo alikohoa mara mbili karibu na sikio la bosi, kisha akaangusha sinia kwa bahati mbaya, akaliokota na kuliangusha tena kwa bahati mbaya. Bosi aligeuka upande, basi. Afisa utumishi alisema kanuni za kazi zinaeleza namna ya kumwadhibu mfanyakazi anayelala kazini, lakini hazisemi nani amwamshe mkurugenzi.

Saa tisa Mama Punguza alivumilia akashindwa. Alisogea kitandani, kidole mbele. Kabla hakijafika begani, dereva wa mkurugenzi, mtu ambaye kwa kawaida hukaa kimya kama maji ya mtungi, alimshika mkono.

"Mama, wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe."

"Mimi nitalala na bajeti yangu. Niache."

Dereva alimvuta pembeni, akashusha sauti. "Bosi halali. Tangu mzee wake afariki, huu mwaka wa pili. Asubuhi nikienda kumchukua namkuta sebuleni, kakaa, na nguo za jana. Magodoro yetu ameyajaribu yote. Sasa amwambie nani? Mwenye kiwanda cha magodoro, hana usingizi?"

Mama Punguza aligeuka kumtazama bosi. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kiatu kimoja kimedondoka, na uso ule uliozoea kufokea simu ulikuwa umelegea kama wa mtoto aliyetoka kunyonya. Alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia. Halafu akaenda kwa mtayarishaji.

"Saa za ziada, ongeza mbili."

Mtayarishaji alimwomba arudie.

"Ongeza. Hotuba futa yote: kuirekodi, kuihariri, maandishi yake, tafsiri yake. Hiyo inatupa laki sita. Sasa washa kamera, na mtu asipige kelele."

Wakavua viatu. Nyuma ya kitanda wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili walipita kwa ncha za vidole, hawa wamebeba sponji, wale vitambaa, mafundi na nyuzi zao. Mpishi alipita na sufuria, polepole kuliko wote, akihakikisha sura yake imeingia. Mlinzi alipiga saluti. Paka alitoka mwenyewe kwenye sponji, akapanda kitandani na kulala juu ya tumbo la bosi bila kuombwa. Mtayarishaji alipiga kila kitu kutoka juu, mita sita, akiwa amekumbatia chuma. Mashine ile ikishuka hulia sana, kwa hiyo walimwacha huko huko mpaka bosi alipoamka, saa kumi na moja na nusu.

"Tumefika wapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Tumemaliza," alijibu Mama Punguza.

Wiki mbili baadaye video ilionyeshwa katika chumba cha mikutano. Mama mzazi wa mkurugenzi, aliyeanzisha kiwanda pamoja na marehemu mumewe, aliwekwa kiti cha mbele. Ilipoisha, hakuna aliyethubutu hata kujikuna.

"Hotuba yangu iko wapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Ilipunguzwa, bosi."

"Yote?"

"Yote."

"Na ile sauti inayounguruma ni ya mashine gani?"

Mkuu wa mauzo alianza kusoma kucha zake.

"Ni wewe, bosi," alisema Mama Punguza. "Kuiondoa wanataka laki mbili."

"Iacheni," alisema mama mzazi. "Baba yako alikoroma vivyo hivyo. Hebu nirudishieni mwanzo."

Wakaitazama tena. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

Katika mkutano wa wauzaji wa jumla watu wanne walipiga miayo kabla video haijafika nusu, na mmoja akaagiza magodoro mia nne, yote ya aina ile aliyolalia bosi. Godoro lenyewe dereva alilifunga juu ya gari Ijumaa jioni akalipeleka nyumbani kwa mkurugenzi. Jumatatu, kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kazi, mkurugenzi alichelewa. Alifika getini saa nne kasorobo, shavu moja likiwa na alama ndefu ya mshono wa godoro. Mlinzi aliiona, akamfungulia geti, akamwamkia kama siku zote.