Mianya ya Kiti

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kiti kilikuwa juu ya meza katikati ya darasa la tano, kimepinduliwa, miguu ikitazama dari. Watoto thelathini na sita walikuwa wamekizunguka na madawati yao. Ubao ulikuwa mtupu.

Ubao huo ndio uliowatia wasiwasi. Kwa miaka minne mwalimu wa sanaa alikuwa akichora mfano, nao wakinakili. Wiki iliyotangulia alichora nyumba. Chaki ikamteleza na mstari ukachomoza juu ya paa. Mwalimu mkuu alipokagua madaftari, alikuta nyumba thelathini na sita, kila paa na mstari wake uliopotea njia.

"Hapa umefundisha kunakili, hujafundisha kuchora," alimwambia. "Ijumaa nakuja. Nikikuta michoro miwili iliyofanana kama mapacha, kipindi chako nawapa watu wa hesabu."

Ushahidi ulikuwa mezani. Jioni ile mwalimu wa sanaa alikwenda karakana kwa wifi yake, fundi seremala, kuomba vipande vya mbao vya kufundishia. Alimkuta amechuchumaa mbele ya kiti, jicho moja amelifumba.

"Wifi, mbona unakikodolea kiti macho kama kimekutukana?"

"Siangalii kiti, naangalia mianya. Mguu unaweza kukudanganya; mwanya haudanganyi. Huu ukiwa mwembamba kuliko ule, ujue kiti kimekwenda upande. Kwani chuoni mlifundishwa nini?"

"Kuvumilia mawifi."

"Basi ulifeli."

Mwalimu naye alichuchumaa, akafumba jicho. Akasogea hatua moja kulia, akatazama tena. Mwanya ulikuwa umebadilika umbo. Mbao akaziacha, akaomba kiti.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na watoto walikuwa wanangoja.

"Mwalimu, chora kwanza tuone!"

"Leo sichori. Na ninyi msichore kiti. Choreni mianya tu, ile hewa iliyobanwa kati ya miguu. Kila mtu anyooshe mkono, aipime kwa penseli, achore anayoiona kutoka alipokaa, kwa upana uleule."

"Hewa ina rangi gani?" aliuliza mvulana waliyemwita Profesa.

"Rangi ya penseli yako. Anza."

Darasa liliangua kicheko, kisha likatulia. Zilibaki sauti za penseli, na ya Kidoti, aliyekaa dawati moja na Profesa: "Usinichungulie, wewe! Mianya yangu utaitolea wapi?"

Mwalimu mkuu aliingia zikiwa zimebaki dakika kumi. Alikusanya karatasi, akazipitia moja moja. Kwenye ya ishirini na tatu alisimama, akarudi nyuma, akachomoa mbili.

"Mapacha hawa hapa."

Zilikuwa za Kidoti na Profesa. Kwa mbali zilifanana kweli. Mwalimu alizilaza mezani, akazitazama, kisha akawainua wale wawili kwenye dawati lao.

"Kaa hapo kwa Kidoti, mkuu."

Mkuu alikaa, magoti yakamfika kidevuni. Watoto walijifunika midomo.

"Nyoosha mkono, shika penseli wima, fumba jicho moja. Mwanya wa kushoto una upana wa penseli ngapi?"

"Mbili."

"Sogea kwa Profesa. Usisimame, jivute tu."

Dawati lililia. "Tatu," alisema mkuu. Akafumba jicho la pili badala ya lile la kwanza, akapima upya. "Tatu na kidogo."

Mwalimu alimpa karatasi. Mkuu aliweka penseli juu ya mchoro wa Kidoti: mbili. Akaiweka juu ya ule wa Profesa: tatu na kidogo.

"Sikumchungulia," alisema Profesa.

"Nimeona," alisema mkuu.

Alijinasua kutoka kwenye dawati, akaenda kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Neno "Hesabu" alikuwa ameshaliandika kwa penseli kwenye Ijumaa, kipindi cha kwanza. Alilifuta, akatoa kalamu ya wino, akaandika "Sanaa".