Seva Iliyokufa Bila Wosia

Kwa wiki tatu seva kubwa ya kampuni yetu hapa Duluth ilikuwa inaanguka kila baada ya siku mbili, na kila ikianguka watu walinigeukia mimi. Mimi, Wendell Haugen, ndiye niliyeandika programu inayoendesha diski zake. Miaka miwili ya jasho langu! Bosi alishasema kwamba bila ushahidi wa kinachoiangusha kufikia Ijumaa, programu yangu inang'olewa na tunanunua ya watu wengine.

Ushahidi ulipaswa kuja wenyewe. Mfumo unaoendesha seva yetu ni wa jamii ya Unix. Ukifa ghafla, kwanza humwaga diskini kila kilichomo kwenye memori, nasi tukausoma wosia huo tukajua kilichouua. Lakini kila mara nilikuta folda tupu. Nafasi ya diski ilitosha. Mipangilio niliikagua mara tano, haina doa. Nilikaribia kuamini nimerogwa.

Jumatano niliamua kuiua kwa makusudi. Nikashuka chumba cha seva kwa Marlys Petrich, ambaye amekilinda miaka ishirini na hujisifu kwamba hakuna mashine yake iliyowahi kulala zaidi ya dakika mbili.

"Unaiua ikiwa nzima?" akauliza. "Wewe bwana umechoka kazi."

"Nataka nione inavyokufa."

Nikaandika amri. Skrini ikawa nyeusi. Dakika moja haijaisha vizuri, Marlys akanyoosha kidole kwenye kitufe cha umeme.

"We! We! Unafanya nini?"

"Naiwasha. Si imekwama?"

"Huwa unafanya hivyo kila ikianguka?"

"Sasa nisubiri nini, ianze kunuka?"

"Marlys, haijakwama! Inaandika! Memori yote ile, dakika kumi nzima!"

Akashika mdomo. "Kumbe siku zote namnyang'anya marehemu kalamu."

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Nani amkasirikie mtu kwa uchapakazi wake? Safari hii tulisubiri, na faili likaja kamili.

Alhamisi mchana ikaanguka yenyewe. Marlys alikalia mikono yake dakika zote kumi na moja. Nilipofungua faili, alikuwa ananichungulia begani.

"Haya, nani kaua?"

Nikateremka hadi mwisho wa faili. Kazi ya mwisho ilikuwa ya programu yangu, ikirudisha kwa mfumo kipande kilekile cha memori mara mbili, kosa linalotosha kuuangusha. Mstari mmoja tu, nilioandika mwenyewe.

"Ni wewe!" Marlys akapiga kofi. "Wiki tatu unatafuta mchawi! Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu."

"Cheka tu, leo ruksa."

Niliona haya, lakini furaha ilizidi, maana ugonjwa ukijulikana mgonjwa hafukuzwi. Nilirekebisha mstari ule, nikaibebesha seva kazi maradufu, haikutikisika. Ijumaa bosi akauliza mbele ya wote kosa lilikuwa la nani.

"Langu!" nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.