Glavu za Mkaguzi

Arbia alizamisha ngozi ya mbuzi kwenye birika la dawa, akahesabu mpaka kumi, akaitoa ikichuruzika na kumpa mwenzake Timiro aitundike. Hiyo ilikuwa ya thelathini, na asubuhi ilikuwa bado changa. Bila dawa ile, wadudu wangezitoboa ngozi zikabaki chujio kabla ya kufika kiwandani Thika, maana mwaka huo wa 1967, kwa hofu ya shifta, waasi wa porini, hakuna lori lililothubutu kuondoka Garissa bila askari wa kulisindikiza, na msafara ungeweza kusubiriwa majuma matatu.

Ghala zima hapakuwa na mtu aliyezijua ngozi kumshinda Arbia. Alikuwa na mbuzi wake mwenyewe kabla hawajachukuliwa kwenye msako, yeye na jamaa zake wakahamishiwa kijiji cha uzio wa miba pembeni mwa mji. Akishika ngozi alikwambia kama mnyama alichinjwa au alikufa kwa kiu. Zamani alipima kwa vidole. Siku hizi vidole havikumwambia kitu, kwa hiyo alipima kwa shavu.

Saa nne akamwendea Musembi, karani wa ghala.

"Bwana karani, naenda dispensari. Miguu inawaka moto."

"Leo? Mkaguzi anakuja saa nane!"

"Nitarudi kabla yake."

Hakungoja ruhusa. Langoni askari alikikagua kipande chake cha utambulisho pande zote mbili, akamwachia.

Nesi wa zamu alikuwa Kagendo, msichana wa Meru aliyehamishiwa Garissa mwaka uliopita. Aliifunua mikono ya Arbia, akaigeuza viganja juu. Viganja vilikuwa vimeota sugu ngumu kama goti la ngamia, zimepasuka katikati. Kifuani na mabegani kulikuwa na madoa meusi, kana kwamba mvua imedondokea vumbi.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Natia ngozi dawa. Miaka tatu."

"Kwa mikono mitupu?"

"Kwa mkono ya Mungu."

Kagendo hakucheka. "Dawa hiyo ni sumu. Ndiyo wanaulia panya. Inaingia kwa ngozi yako, inaingia ukila na mikono hiyo. Ndiyo inakuchoma miguu, inakutia ganzi."

"Nibe dawa ya kuitoa," Arbia akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Sina. Iliyoingia haitatoka yote. Lakini usiongeze nyingine. Vaa glavu za mpira, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Au acha kazi."

"Nikiacha nitakula uzio?" Arbia alisimama, akajifunga shuka yake vizuri. "Ahsante, sista. Umeniambia kweli. Miaka tatu naambiwa ni joto."

Alirudi kabla ya saa nane, kama alivyosema. Musembi alikuwa amefungua kabati la ofisi na kutoa jozi tatu za glavu ndefu za mpira, nyeusi, zingali na unga wa kiwandani. Akampa Arbia, Timiro na Zeinab, mwenzao wa tatu wa birikani.

Arbia alizitazama. "Zilikuwa wapi?"

"Vaa, mama. Mgeni amefika."

Mkaguzi alizunguka birika akiwa ameziba pua kwa leso. "Glavu wanazo siku zote?"

"Siku zote, bwana," akajibu Musembi.

"Leo iko," akasema Arbia kwa sauti. "Jana habana. Juzi habana."

Mkaguzi akatabasamu. "Kiswahili chao!" akamwambia karani, akatia alama kwenye karatasi. Dakika chache baadaye gari lake lilikuwa linatimua vumbi.

"Haya, rudisheni," Musembi akasema, mkono mmoja mbele, mwingine umeshika funguo.

Timiro akaanza kuvua.

"Walaal, ndugu yangu, acha," Arbia akamwambia. Kisha akamgeukia karani. "Sirudishi."

"Ni mali ya ghala!"

"Na mimi niko ghala. Hii dawa ni ya kuua panya. Nesi amesema."

"Kesho usije kazini, basi."

"Sawa. Msafara unaondoka Alhamisi. Ngozi mia nne iko pale, nani atakutengea nzuri na mbaya? Wewe?"

Musembi aliziangalia ngozi, zimerundikwa hadi dirishani. Timiro akaivuta tena glavu yake mpaka kwenye kiwiko. Zeinab hakuwa ameivua hata kidole.

Karani akaingia ofisini, akafungua daftari la vifaa, akaandika huku akisoma kwa sauti ili wasikie: "Glavu, jozi tatu. Zimeibiwa na shifta." Akatoka mlangoni. "Mmesikia? Askari akizikuta kwenu langoni, mtajieleza wenyewe."

Wanawake wakatazamana. Kijijini kwao watu walikuwa wamechukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Langoni hazitafika," Arbia akasema. "Zitalala hapa juu ya birika, na asubuhi tutazivaa mbele yako. Andika hiyo pia."

Akavuta ngozi nyingine kutoka kwenye rundo, akaigusisha shavuni. Ilikuwa nzuri, ya mnyama aliyechinjwa akiwa na afya. Akaizamisha, mkono ndani hadi kiwikoni, na kuanza kuhesabu.