Upepo Ambao Rada Haikuuona

Wenzake walimwita Mama Mkanda, maana abiria aliyefungua mkanda kabla ya wakati alimsimamia mpaka aufunge. Miaka yote ya uhudumu wa ndege hakuwahi kuumia. Siku alipoumia, mbingu zilikuwa safi kama zimefuliwa. Wingu hata la dawa hukuliona.

Alikuwa akigawa chai ndege ilipodondoka ghafla, kama mtu aliyekosa kidato gizani. Yeye na kigari chake wakaenda hadi darini, wakarudi chini kwa kishindo. Bega likavunjika. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka msalani akavunjika nyonga.

Alipotoka hospitali alihamia sebuleni kwa mdogo wake, maana mkono mmoja haulei mwana, wala haufungi sidiria. Huko ndiko alikopata habari kwamba rubani wao amesimamishwa kazi, na kwamba yeye ataitwa mbele ya kamati ya uchunguzi aeleze kwa nini taa ya mikanda haikuwashwa.

Shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake, alikuwa mtafiti wa hali ya hewa ya kale. Alichunguza vumbi lililozama katika matope ya maziwa, apate kujua pepo za enzi za barafu zilivumia wapi. Jioni moja, shemeji akimenya viazi, Mama Mkanda alimuuliza kama rubani alizembea.

Shemeji alimweleza kwamba huko juu zinakopita ndege kuna mto wa upepo, unaosukumwa na tofauti ya joto kati ya tumbo la dunia, kwenye ikweta, na ncha zake. Zamani nao ulihamahama, barafu ilipotanda na ilipoyeyuka, ila mara nyingi ulichukua maelfu ya miaka. Sasa moshi wa binadamu unaukoroga ndani ya umri wa mtu mmoja. Tabaka za upepo zinapishana kwa kasi zaidi, zinasuguana, na msuguano huo hauna wingu wala mvua ya kuonekana kwenye rada. Kama ndio uliowapiga wao siku ile, hilo hakuweza kuliapia. Alichojua ni kwamba unazidi.

"Moshi huo mwingine wangu, shemeji," alisema Mama Mkanda. "Si ndio ulionilisha miaka yote?"

"Na mimi matope yangu nayafuata kwa ndege."

Wakacheka kidogo, kisha shemeji akarudi kwenye viazi vyake.

Mbele ya kamati, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, alisema alichokiona: mbingu safi, safari tulivu, onyo hakuna. Akaongeza kwamba kama wanatafuta wa kulaumiwa, wasiishie kwenye chumba cha rubani. Mwenyekiti akamjibu kwamba hilo halimo katika hoja za leo.

Rubani alisafishwa, lakini kazini hakurudi. Alimpigia Mama Mkanda simu kumshukuru. "Siku hizi nikiona mbingu safi natokwa na jasho," alisema. Mama Mkanda akampa pole.

Yeye mwenyewe aliomba kazi ya chini, uwanjani, akaambiwa nafasi hakuna. Bega lilipounga, mdogo wake alimsihi aache kabisa.

"Niache niende wapi, mdogo wangu? Ndege zitaruka tu, niwemo nisiwemo."

Akatandika shuka mezani, akaanza kupiga pasi sare yake ya kazi kwa mkono wa kushoto, pole pole, akipumzika kila baada ya kola na mkono wa shati.