Herufi Alizofagia Penina

Kipindi cha Kifaransa cha Kidato cha Tatu kiliisha saa nne kasorobo, na kama kawaida Penina akaingia na ufagio kuzoa herufi zisizotamkwa. Siku hiyo zilikuwa nyingi. Mwalimu Maundu alikuwa amefundisha vitenzi, na darasa zima limepiga makofi kwa kila silabi. Zile z za “vous parlez” zilikwama kwenye nyufa za sakafu, ikabidi azichokoe kwa kijiti. Za “ils mangent” huanguka tatu tatu na hazina taabu.

Chini ya dawati la Immaculate tu ndiko kulikokuwa safi. Binti alikuwa amejiinamia. Ijumaa angekuja mtahini kutoka Mombasa, na mwanafunzi mmoja angechaguliwa kujifunza kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii upande wa Ndara. Immaculate aliitaka nafasi hiyo hata chakula kikawa hakimpandi.

“Anti, kwangu hakuanguki kitu,” alisema. “Sisi kwa lugha zetu, kitu kikiandikwa kinasomwa. Ma-nge-nti. Makofi matatu.”

Penina alicheka. Haba na haba hujaza kibaba: miaka kumi na moja ya kufagia ilikuwa imemfundisha Kifaransa kuanzia mwisho wa maneno. Akakinga kizoleo chini ya kidevu cha binti.

“Kwa daftari ni silabi mbili, kwa mdomo ni kofi moja. Hizo zingine achilia. Usiogope kuchafua, mami, si mimi niko?”

Mara ya tatu e, n na t zikadondoka kwenye kizoleo kama maharagwe makavu. Wakarudia kila siku hadi Alhamisi. Ijumaa mtahini aliondoka akikung'uta herufi kwenye viatu, na Immaculate akapata nafasi. Penina alifurahi kama aliyezaa, akaimba njia nzima ya kupanda mlima wa Sagalla kurudi nyumbani.

Siku ya zawadi, naibu wa mwalimu mkuu alisoma majina ya kushukuriwa kama yalivyochapwa kwenye programu: mgeni rasmi, Mwalimu Maundu, hata dereva wa basi. La mwisho lilikuwa la Penina. Naibu alifika kwa dereva, akakunja karatasi, akaomba watu wasimame kwa sala.

Ilimuuma kidogo, kusema kweli. Lakini watu walipotoka, ukumbi ulikuwa unamngoja. Chini ya meza kuu akakuta herufi sita zimelala kwa mpangilio, hata moja haijavunjika: P, e, n, i, n, a. Akazipangusa vumbi, akaenda nazo nyumbani na kuzipanga dirishani, ambapo jua la asubuhi huzipata vizuri.

Mwaka uliofuata jina lake lilichapwa tena, palepale mwisho. Asubuhi ya siku ya zawadi, Penina alibeba ufagio, kizoleo, na leso safi ya kulifungia jina hilo likidondoka.